Mungu wa Ushindi Alifika Kibera, Karatasi Ikabaki Njiani

Wasee, nendeni Toi Market Jumamosi asubuhi, pale Kibera inapopakana na Adams, mhesabu viatu vyenye ile alama ya tiki. Mtachoka kabla hamjamaliza laini moja. Kuna orijino, kuna feki, na kuna ile feki ambayo muuzaji anaapa kwa jina la mamake kwamba ni orijino. Kawangware, pale stage ya 46, ni hivyo hivyo.

Sasa niambie, ni wangapi wanajua Nike si jina la mzungu fulani mwenye kampuni? Nike ni mungu. Ni mungu wa kike wa ushindi wa Wagiriki wa kale, mwenye mabawa. Ile tiki ilichorwa mwaka wa 1971 na mwanafunzi wa Marekani anayeitwa Carolyn Davidson, na watu wengi wakiiangalia wanaona bawa la huyo mungu.

Warumi nao walikuwa naye, lakini wao walimwita Victoria. Enyewe, kama ziwa. John Speke alipofika ufukweni mwaka wa 1858 alilipa lile ziwa jina la malkia wake, na malkia mwenyewe alikuwa na jina la huyo mungu. Watu wa Gatwekera waliotoka huko wanaliita Nam Lolwe, na hakuna siku wameabudu mungu wa Roma, lakini fungua ramani yoyote uone ni jina gani limeandikwa.

Viatu na ziwa ni vitu vya kutuchekesha tu. Huyu Victoria alishawahi kufika Nairobi kwa njia nyingine, na hiyo ndiyo nataka tuongee leo. Alikuja kwenye chuma cha vita. Ili uelewe vizuri, wacha kwanza nikupeleke mbali kidogo.

Kule Denmark kuna mahali panaitwa Illerup Ådal, karibu na mji wa Skanderborg. Zamani palikuwa ziwa. Karibu mwaka wa 200 jeshi moja lilishindwa vita, na walioshinda wakachukua silaha zote za walioshindwa, wakazikunja, wakazivunja, wakazitupa ndani ya maji kama sadaka. Ziwa likageuka kinamasi, na kinamasi kikazitunza. Wataalamu wa mambo ya kale walianza kuchimba mwaka wa 1950, na wametoa zaidi ya vitu 15,000. Katika hivyo kuna zaidi ya panga 100 za Kirumi. Nikisema upanga usifikirie ile panga ya kukata nyasi. Hizi ni za kivita, ndefu, zenye makali pande zote mbili, na nyingine zina muhuri wa karakana iliyozitengeneza.

Shida ni kwamba Denmark haikuwahi kuwa chini ya Roma. Mpaka ulikuwa mbali kusini, kwenye mito Rhine na Danube. Na si hapo tu. Panga kama hizo zimepatikana sehemu nyingi za kaskazini, ng'ambo ya mpaka, na kwenye baadhi yazo fundi alichimba mfereji mwembamba ndani ya chuma, akagongelea vipande vya shaba ya manjano, akasugua mpaka picha ikang'aa. Picha za nani? Mars, mungu wa vita. Na Victoria, na mabawa yake.

Zilifikaje huko? Kuuza chuma kwa maadui ilikuwa hatari. Mwanasheria wao Paulus, aliyeishi karibu wakati huo huo, aliandika kwamba anayewauzia maadui chuma, nafaka au chumvi anahatarisha kichwa chake. Kwa hivyo zingine lazima zilipita kwa magendo, maana sheria kali haijawahi kuzuia biashara tamu. Zingine ziliporwa vitani. Na zingine zilibebwa tu na vijana wa kaskazini waliokwenda kufanya kazi ya uaskari katika jeshi la Roma, wakarudi nyumbani na kitu kiunoni.

Hao vijana ndio walinishika mimi. Ukiangalia kazi ya uaskari Roma, kulikuwa na makubaliano yanayojulikana. Mtu asiye raia aliingia kwenye vikosi vya wasaidizi. Alitumikia miaka 25. Akimaliza na heshima, alipewa uraia wa Roma, na akitaka alipewa na ushahidi wake: vibao viwili vya bronzi vilivyofungwa pamoja, vyenye jina lake, kikosi chake, na majina ya mashahidi 7. Orijino ilibandikwa kule Roma kwenyewe. Msee angeenda popote katika himaya, mtu akimwuliza wewe ni nani, anatoa bronzi. Mamia ya vibao hivyo vimechimbuliwa, na majina bado yanasomeka.

Sisemi Roma walikuwa malaika. Walikuwa na watumwa wengi kuliko unavyoweza kuhesabu, na walichoma vijiji vya watu bila huruma. Nasema tu kwamba hata hao walijua jambo moja: ukimpa mtu silaha yenye mungu wako akupiganie, kuna siku lazima umpe karatasi.

Shikilia hapo. Sasa turudi nyumbani.

Mimi ni wa Kawangware, na upande wa mamangu ni watu wa Dagoretti, kwa hivyo nianze na kwetu. Oktoba 1890, Frederick Lugard, akifanyia kazi kampuni ya Imperial British East Africa, alifika Dagoretti. Alielewana na Waiyaki wa Hinga, akajenga ngome ndogo, akaendelea na safari ya Uganda. Watu wa kampuni waliobaki wakaanza kusumbua wenyeji na kuchukua chakula chao, mpaka ngome ikaachwa na ikachomwa. Kampuni ikajenga nyingine, Fort Smith, huko Kabete. Mwaka wa 1892 Waiyaki aligombana hapo na ofisa anayeitwa Purkiss. Akanyang'anywa upanga wake mwenyewe, akapigwa nao kichwani. Akafungwa minyororo, akapelekwa njia ya pwani, akafia Kibwezi. Ile Waiyaki Way ambayo mathree inakwama kila jioni ni jina lake.

Sasa Kibera. Lugard yule yule, mwaka mmoja baada ya kutoka Dagoretti, alifika kwa Kavalli, karibu na Ziwa Albert. Huko alikuta askari wa Kisudani chini ya Selim Bey. Walikuwa jeshi la Misri lililoachwa na Emin Pasha baada ya Mahdi kuiteka Sudan. Lugard akawachukua na familia zao. Hao ndio tunaowaita Wanubi. Walitoka jamii nyingi tofauti, wakaunganishwa na Uislamu, kambi, na Kiarabu chao ambacho kikageuka Kinubi. Mwaka wa 1902 vikosi vya Waingereza vya huku viliunganishwa kuwa King's African Rifles, na wazee wetu wakaikata ikawa Keya. Kuanzia karibu 1904 Keya ilianza kuwaweka wanajeshi wake wa Kisudani na familia zao kwenye msitu ulio kusini magharibi mwa Nairobi. Kwa Kinubi msitu ni kibra. Jina ndilo hilo.

Mpango ulikuwa hivi: askari akitumikia Keya miaka 12, anaruhusiwa kujenga na kulima Kibera. Alipewa kibali. Kibali, si hati ya kumiliki. Mwaka wa 1918 eneo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, ekari 4,197.

Ukiangalia hiyo tarehe utaona kulikuwa na nini. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vinaisha. Keya ilikuwa imekua mpaka wanajeshi zaidi ya 30,000, wanamfukuza Mjerumani Lettow-Vorbeck kutoka Tanganyika mpaka Msumbiji. Nyuma yao walikuwa wabebaji, wale wa Carrier Corps, waliotupa jina la Kariokor. Mwaka wa 1917 vijana walizolewa kila mahali, na huku Ukikuyu hawakusazwa. Makumi ya maelfu ya wabebaji hawakurudi. Wengi hawakuuawa na risasi, waliuawa na njaa, malaria na kuhara.

Vita vikaisha, Uingereza ikatoa medali. Moja inaitwa Victory Medal. Ni ya bronzi, duara, inaning'inia kwenye utepe wenye rangi za upinde wa mvua. Upande wa nyuma imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ilikuwa vita kuu kwa ajili ya ustaarabu, 1914 mpaka 1919. Upande wa mbele kuna mwanamke amesimama wima, amenyoosha mikono, ana mabawa.

Ni yeye. Ni Victoria, yule yule wa kwenye panga. Miaka zaidi ya 1,700 baada ya zile silaha kutupwa ziwani, mungu wa ushindi wa Warumi alishonwa kwenye kifua cha askari wa Keya. Waislamu wa Makina, watu wanaoswali mara tano kwa siku na hawana mungu wa pili, walipewa sanamu ya mungu wa Kirumi wapeleke nyumbani. Siku moja mtu akichimba Kibera aipate, atajiuliza maswali yale yale tuliyojiuliza kuhusu Denmark. Roma ilifika huku? Hawa watu waliabudu nani?

Jibu ni kwamba alama husafiri haraka, na mkataba hutembea polepole au haufiki kabisa. Mungu alifika Kibera. Karatasi ikabaki njiani.

Upande wetu karatasi ilifika, lakini ikaja kwa sura nyingine. Kuanzia 1919 na 1920, serikali ya kikoloni ilianza kuwavisha wanaume Waafrika kipande: cheti chenye jina, alama za vidole na jina la mwajiri, ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Kijana aliyerudi hai kutoka Carrier Corps, huo ndio uliokuwa utepe wake. Na bado tunaiita ID kipande mpaka leo, bila kufikiria.

Ukitaka kuona vile deni hili lilivyoandikwa, nenda Kenyatta Avenue uangalie ile sanamu ya watu watatu iliyozinduliwa 1928. Maneno yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanaahidi kwamba watoto watakumbuka majina ya waliokufa. Zunguka sanamu yote. Hakuna jina hata moja la askari.

Mwaka huo huo wa 1928, usimamizi wa Kibera ulitoka mikononi mwa jeshi ukaenda kwa utawala wa raia. Kuanzia hapo Wanubi wakawa watu wanaoishi kwenye ardhi ya serikali kwa hisani ya serikali. Uhuru ukaja, hisani ikabaki hisani. Mji ukajaa, mitaa ikaongezeka, na waliokuja baadaye nao wakajenga juu ya ardhi isiyo na jina la mtu. Ndiyo maana hata leo katapila ikija Kibera haiulizi wewe ni Mnubi au Mluhya.

Na kipande? Mwaka wa 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imekiuka haki za watoto wa Kinubi, kwa sababu walizaliwa hapa na kukua hapa bila uhakika wa uraia wao. Mwaka wa 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ikatoa uamuzi kwa jamii nzima, ukigusa uraia na ardhi. Juni 2017 ndipo rais alipowakabidhi hati ya ardhi ya jamii. Ekari 288. Fanya hesabu: kutoka 4,197 mpaka 288 ni karibu asilimia 7. Miaka 99 baada ya tangazo la 1918.

Nina beshte wa Makina, tulijuana kwenye mambo ya video. Alipofika miaka 18 tuliomba ID karibu wakati mmoja. Mimi nilienda na cheti cha kuzaliwa na nakala za vipande vya wazazi, nikapigwa alama za vidole, nikangoja wiki kadhaa, story ikaisha. Yeye katika ofisi moja aliambiwa alete na karatasi za babu. Akaketishwa mbele ya wazee wa kamati, akaulizwa ukoo, akaulizwa babu alizaliwa wapi. Haboba yake, yaani nyanya yake, alikuja naye na mfuko wa plastiki wenye kila kitu walichonacho. Medali haikuwemo. Iliuzwa zamani, mwaka mmoja mgumu wa karo. Haboba anakumbuka tu ilikuwa na mtu mwenye mabawa, na kwamba watoto walikuwa wanamwita malaika.

ID ilitoka baada ya karibu mwaka mmoja. Mwaka mzima kijana wa Nairobi hawezi kusajili laini kwa jina lake, hawezi kufungua akaunti, hawezi kuingia kwenye jengo la ofisi mjini bila kubembeleza mlinzi, na akikutana na polisi usiku anatoa doo au analala ndani. Mimi niliacha chuo bila cheti, kwa hivyo najua kidogo vile mlango hufungwa kwa sababu ya karatasi. Lakini mimi nilikosa ya kazi. Yeye alinyimwa ya kuonyesha kwamba yuko kwao.

Sasa najua kuna mtu wa kwetu anasoma hii na ameshanuna. Atasema: hao askari walipigana upande wa mkoloni. Ni kweli, na sitaifunika. Bunduki zilizovunja Wanandi 1905, zilizotembea milima yetu ya Ukikuyu, nyingi zilishikwa na mikono ya Keya, na Wanubi walikuwemo. Babu wa babu yangu na babu wa babu ya beshte yangu, kama walikutana, hawakukutana kunywa chai. Guka hajawahi kuzungumzia Wanubi kwa upole, na ana sababu zake.

Lakini angalia mpango ulivyopangwa. Unamtoa mtu mbali, unampa silaha yako na mungu wako, unamtuma akapige watu asiowajua. Halafu unamwacha katikati ya hao watu bila hati. Waliopigwa hawatamsahau na aliyemtuma anamkana. Huo mtego ulitengenezwa na mtu mmoja aliyepita Dagoretti 1890 na kwa Kavalli 1891, na wakubwa wake waliomfuata. Sisi wa Kawangware tulipewa kikopo cha shingoni, wale wa Kibera wakapewa malaika wa bronzi, na pande zote mbili tukaachwa tukiangaliana vibaya wakati ardhi inagawanywa kwingine. Na kijana wa miaka 18 anayeulizwa babu yake alizaliwa wapi hakushika bunduki yoyote.

Ndiyo maana zile panga za Denmark zimenikaa kichwani. Kwenye makumbusho watu husimama mbele ya kioo wakishangaa vile mungu wa Roma alifika mbali. Mimi nashangaa zaidi vile vibao vya bronzi. Upanga unakuambia himaya ilifika wapi na chuma chake. Kibao kinakuambia ilimhesabu nani kuwa mtu.

Kitu kimoja cha mwisho, na hiki ni cha kufanya. Medali za Keya zinauzwa kwenye minada ya Uingereza saa hii. Zinatoka kwenye makabati yetu, zinapita kwa madalali, zinarudi kule zilikotengenezwa, na watu wa huko wanazikusanya kama stempu. Lakini Victory Medal ina siri moja: jina la askari halikuandikwa mbele wala nyuma. Limepigwa kwenye ukingo, herufi ndogo sana, pamoja na namba yake, cheo chake na kikosi chake. Watu wengi hawajawahi kugeuza waone.

Kama kwenu kuna duara la bronzi lenye mtu mwenye mabawa, kwa haboba, kwa shosho, kwa dani, kwa kuku, popote, ligeuze kando. Futa vumbi, sogea dirishani, piga picha ukingo wote, herufi baada ya herufi, na uihifadhi mahali zaidi ya pamoja. Andika na vile mzee alivyosimulia, kwa lugha yake. Ukishikwa na shida ukaiuza, hakuna atakayekulaumu, njaa ni njaa. Lakini usiuze jina. Ile herufi ndogo ya ukingoni huenda ndiyo karatasi pekee ambayo yule mzee aliwahi kupewa.